Niliondoa miiko ya mchawi

Niliharibu mchezo wa wenzangu. Kitabu cha sheria nilikuwa nacho mkononi, na nilikuwa nimekisoma.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wachache huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake. Mmoja wao husimulia, na dadu hukata shauri pale pasipo na uhakika. Hapa mjini Kipushi, Kongo, msimulizi nilikuwa mimi. Tulicheza Jumapili baada ya ibada, vitabu vya Kifaransa, mazungumzo ya Kiswahili. Niliwaandalia safari ndani ya mgodi wa kubuni uliojaa maji. Mgodi wa mji wetu ulifungwa mwaka 1993 na zinki ikaanza kutoka tena 2024, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa giza la chini lilivyo.

Mchawi wa mchezo huu si mlozi anayesemwa mtaani. Ni msomi. Nguvu zake zimo katika kitabu cha matabano, na kila asubuhi huchagua humo yale atakayoyabeba siku hiyo. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, mchawi wa ngazi ya kwanza huanza na matabano sita kitabuni, lakini ana nafasi mbili tu za kuyatumia. Zikiisha, amebaki na vijitabano vyepesi mpaka apumzike. Gygax aliliazima wazo hilo kwa mwandishi Jack Vance, ambaye katika The Dying Earth ya mwaka 1950 aliwachora wachawi wanaokariri maneno yao, na neno likishatamkwa linafutika kichwani. Nafasi hizo ni kama taa ya mchimbaji: chaji ikiisha, unapanda juu.

Mimi nilizifuta. Nilifuta pia sheria ya umakini, inayomzuia mchawi kushikilia matabano mawili yanayotaka umakini kwa wakati mmoja. Nilifanya hivyo kwa sababu wachezaji wangu walikuwa wageni wa mchezo, tulikuwa na saa chache kabla ya giza, na kila mara aliyecheza mchawi alipouliza amebakiwa na nafasi ngapi nilihisi hesabu inatukatia hadithi. Nikaona ni heri atumie anachotaka, wakati wowote, watu wafurahi.

Mwanzoni walifurahi kweli. Kisha mchawi akafika ngazi ya tano, akapata mpira wa moto. Tabano hilo huunguza kila aliyemo ndani ya mita sita kutoka linapolipukia, kwa dadu nane za pande sita. Huhitaji kinyesi cha popo na salfa, au kifaa maalumu cha kichawi badala yake. Kwa sheria angelirusha mara mbili, labda mara ya tatu baada ya pumziko fupi. Kwangu alilirusha kwenye kila mlango.

Tulifika chumba cha mwisho. Nilikuwa naeleza viumbe wanavyochomoza majini, na kabla sijamaliza mchawi akasema mpira wa moto, akanyoosha mkono kuchukua dadu. Nikatazama upande wa pili wa meza. Kijana aliyecheza mpiganaji alikuwa anarudisha dadu zake kwenye mfuko, moja moja. Karatasi ya mhusika wake ilikuwa safi. Jioni nzima hakuwa ameandika wala kufuta namba hata moja. Akaniuliza kwa upole:

“Yaya, sasa miye niko hapa juu ya nini?”

Sikuwa na jibu. Ndipo nikaelewa kwamba zile nafasi hazikuwa za mchawi peke yake. Mchawi anapoishiwa, mpiganaji anatangulia mbele, mwizi anatafuta njia ya pembeni, na wote wanabishana kama waendelee au warudi kulala. Nilipofuta kikomo chake, nilifuta zamu za wenzake.

Nilipaswa kulijua hilo. Nimekua nikisikia wazee wakisimulia kwamba mwindaji akipewa dawa hupewa na miiko yake, na hadithi yote huanzia kwenye miiko hiyo: ataishika au ataivunja? Dawa isiyo na miiko haina cha kusimuliwa.

Kijana yule hakurudi Jumapili iliyofuata. Aliyecheza mwizi akaacha baada yake. Hata mchawi alichoka, kwa kuwa hakuwa na la kuamua tena. Kundi likavunjika, na safari ya mgodini haikufika mwisho. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Walinisamehe, lakini hawakurudi mezani.

Nawe ukiongoza mchezo huu, utafika mahali hesabu zikuchoshe na utamani kuzitupa. Usizitupe kabla hujaona zinamlinda nani. Ukitaka kumpendeza mchawi wako, mwekee njiani kitabu cha mchawi mwingine anakili humo: kila tabano kwa saa mbili na vipande 50 vya dhahabu kwa kila ngazi yake. Atakuwa na mengi zaidi ya kuchagua, na bado atawahitaji wenzake. Nguvu zisizokwisha usimpe.