Chuo Kidogo cha Marekani Kinamfaa Nani?

Msimu wa maombi ya vyuo vya Marekani ukifika, simu kutoka Dar haziishi. Mtoto amefaulu vizuri, aombe wapi? Wazazi wengi huwa tayari na majina mawili matatu, yote ya vyuo vikuu vinavyovuma duniani. Nikiwatajia Grinnell, Bowdoin au Berea, wanashangaa: chuo gani hicho chenye wanafunzi wasiofika 2,000?

Si swali la ukubwa tu linalotusumbua: nyumbani Tanzania uamuzi mzito hufanyika mapema. Mtoto akiingia kidato cha tano, kombi yake, iwe PCB, EGM au HGL, imeshamfungia milango kadhaa. Akiomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, anaomba kozi: wa sheria anaanza sheria, wa uhandisi anaanza uhandisi. Wa udaktari husoma miaka mitano mfululizo, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini.

Vyuo vidogo vya huku Marekani haviendi hivyo. Havina shule ya tiba, na vingi havina uhandisi. Mwanafunzi huchanganya kemia, historia na muziki, kisha huchagua fani kuu kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Darasani wako kumi na watano, kwa hiyo asiyesoma anajulikana dakika ya kwanza. Na kwa kuwa kwa kawaida hakuna wanafunzi wa uzamivu, profesa akihitaji msaidizi wa maabara humwita huyohuyo wa shahada ya kwanza.

Ohio State, yenye wanafunzi zaidi ya 60,000, ni jambo jingine. Mhadhara unaweza kuwa na mamia ya watu, na semina ikaongozwa na mwanafunzi wa uzamivu. Waliopita Mlimani watayatambua maisha hayo. Lakini kozi ni tele, maabara ni kubwa, na mtu wa kuongea naye Kiswahili hakosekani. Grinnell, kinyume chake, imezungukwa na mashamba ya mahindi ya Iowa, na upweke wa Januari kule si wa kupuuzwa.

Kuhusu fedha, bei iliyoandikwa isiwatishe. Amherst, chuo kingine kidogo, na Bowdoin humpokea hata mgeni bila kuangalia mfuko wa mzazi, kisha hufidia pengo la mahitaji yake, ingawa kupata nafasi ni kazi ngumu mno. Berea haitozi ada. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Vyuo vikuu vya majimbo humtoza mgeni kiwango cha juu na msaada wake ni mdogo, na huku hakuna bumu la Bodi ya Mikopo.

Basi ushauri wangu ni huu. Mwenye moyo wa uhandisi aombe chuo kikubwa. Mwenye moyo wa udaktari abaki nyumbani kwanza: huku tiba husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi za tiba hazipokei wageni. Lakini yule aliyepelekwa PCB kwa sababu tu alama ziliruhusu, na bado anasoma riwaya kwa kujificha, chuo kidogo kitampa muda wa kujijua.

Mwajiri wa Dar huenda asilifahamu jina la chuo. Cheti atakiwasilisha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kitambuliwe; yaliyobaki kijana atayaeleza mwenyewe kwenye usaili, na miaka minne ya kubanwa maswali darasani itakuwa imemzoesha.