Ufito wa Mjomba

Wengi wenu mnanifahamu kama domokaya wa darasa. Leo naandika juu ya siku niliyonyamaza.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mama alinituma Kilifi kwa mjomba wangu, mtu aliyekulia kwenye majahazi na ambaye sasa ameajiriwa kutunza mashua moja ndogo ya faiba, urefu wake mita nne na kidogo. Mashua ile ina mlingoti mmoja na matanga mawili. Tanga kubwa liko nyuma ya mlingoti, nalo hufungwa kwenye mti mrefu uliolala kwa chini. Tanga dogo la pembe tatu liko mbele. Mwenye mashua huja Jumamosi tu, kwa hivyo siku nyingine mjomba huitoa kidogo, ati isije ikazoea kulala.

Basi alasiri moja tuling'oa nanga karibu na daraja lile lililofunguliwa mwaka wa 1991 na kuipumzisha feri. Kusi ilikuwa ikivuma kutoka baharini, ikiingia moja kwa moja katika mkono wa bahari. Tulikuwa tunaelekea bara, upepo ukitusukuma kutoka nyuma. Mabaharia huuita upepo wa tezi.

Mimi nilidhani huo ndio upepo rahisi kuliko yote. Mbona tanga la mbele lilikuwa likipigapiga kama shati lililoanikwa? Mjomba akacheka. "Mwanangu, lile kubwa limemkinga mwenzake. Limekula upepo wote." Ndipo akatoa ufito wa alumini chini ya kiti. Ncha moja akaipachika kwenye pete ya mlingoti, ncha ya pili akaitia kwenye pembe ya tanga dogo, akalisukuma nje upande wa kulia. Tanga kubwa lilikuwa kushoto. Lo! Mashua ikawa kama ndege aliyetanua mbawa mbili. Ilitulia, ikaacha kuyumba, na maji yakaanza kuimba chini yetu.

Nikapewa kana ya usukani. Nilivimba kichwa, sikatai. Mjomba alinipa amri moja tu, akairudia mara tatu: "Ukilazimika kukwepa kitu, geuka kulia. Usigeuke kushoto, kwenye tanga kubwa. Upepo ukilishika kwa nyuma litavuka lote kwa kishindo." Tukitaka kugeuka upande huo, aliniambia, kwanza ufito unatolewa, halafu kamba ya demani inavutwa mpaka ule mti uwe katikati, ndipo mashua inageuzwa na kamba inalegezwa polepole. Nikaitikia, "Ndiyo, mjomba," huku nikitazama nyumba za pwani.

Upepo wa nyuma ni mlaghai. Kwa kuwa unakwenda nao, huusikii usoni. Jua linazidi kuchoma, sauti zinapungua, unadhani umetulia kumbe umeongezeka. Ukitaka kujua ukweli, sharti ugeuze shingo uyatazame mawimbi. Sikugeuza shingo.

Mtumbwi wa mvuvi ulitokea mbele yetu upande wa kulia. Mzee ndani yake alikuwa ameinama anavuta nyavu. Mjomba alikuwa mbele akinyoosha kamba. Moyo ulinidunda, na badala ya kukumbuka amri nikafanya lile ambalo mkono ulitaka. Nilisukuma kana kulia, mashua ikageuka kushoto.

Kufumba na kufumbua, tanga kubwa lilivuka. "Inama!" mjomba alipaza sauti. Mimi niliinama. Yeye, aliyekuwa akigeuka kunitazama, ule mti ulimpata juu ya jicho. Mashua ikalala ubavu wa kulia, ncha ya ufito ikazama majini, na kwa nguvu ya maji ufito ukajikunja katikati kama mrija wa soda. Yule mvuvi alitupita, akatikisa kichwa, akaendelea na nyavu zake.

Mjomba alishonwa nyuzi tatu. Hakunigombeza hata neno, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Jumamosi mwenye mashua alifika. Aliutazama ufito, akautazama uso wa mjomba, akauliza nani aliyekuwa kwenye usukani. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika ndoo. Mjomba akasema, "Mimi, bwana. Niliteleza." Bei ya ufito ikakatwa kwenye mshahara wake wa mwezi ule. Na mimi, domokaya wenu, ulimi ulinikauka. Niliinua ile ndoo nikaenda kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Muhula wote wa tatu niliweka akiba. Sikununua mandazi wakati wa mapumziko, na walioniita bahili sasa wanajua sababu. Desemba nikarudi Kilifi. Upepo sasa ulikuwa wa kaskazi, lakini mchana bado uliingia kutoka baharini. Nilimkuta mjomba akichonga ufito wa pili, wa akiba, kutokana na mti wa mvinje, ncha yake ikiwa na panda. Kovu lake lilikuwa dogo, ila nyusi imegawanyika. Nilimwamkia, nikamkabidhi bahasha. Alizihesabu pesa moja moja, hazikufika hata nusu, akazitia ndani ya kofia yake na kuivaa. Kisha akaelekeza kidole kwenye kana.

"Kabla ya kugeuka, nini kwanza?"

"Ufito, mjomba."

"Na halafu?"

"Demani."

Tulisafiri mpaka jua likaanza kuinama, tukageuza mara nne, na kila mara nilitazama nyuma kwanza.

Mwenye mashua bado hajui ni nani aliyeshika usukani ile Agosti. Jarida hili likitoka, nakala moja nitampelekea mwenyewe, kwa mkono wangu.