Taya Linalia, Jino Linatakiwa Ling'olewe

Najua nimekuwa kimya, na safari hii sababu ni ya kweli: kuongea kwenyewe kulikuwa shida.

Kwanza fanya hivi. Weka vidole mbele ya masikio yote mawili, kisha fungua mdomo polepole. Unasikia kitu kinatembea? Hicho ndicho kiungo cha taya, na wengi wetu hatukijui hadi siku kikigoma. Changu kilianza kwa kulia "ka" kila nikitafuna chapati. Nikazoea. Halafu, siku mbili kabla sijasimama kwenye mahakama ya mazoezi (mimi ni wa sheria, mnakumbuka), nikaamka mdomo haufunguki. Kidole kimoja kinaingia, cha pili kinagoma. Wakili asiyefungua mdomo, jamani!

Mwenzangu wa chumbani akarukia pepopunda moja kwa moja. Wala hakuwa mjinga, maana pepopunda mara nyingi huanza hivyo hivyo: taya linakaza, kisha shingo na mgongo vinafuata. Mtu mwenye kidonda, hasa ambaye hajachanjwa, taya likikaza asisubiri kesho, aende hospitali. Mimi kidonda sina, homa sina, chanjo nilichomwa, na maumivu yalikuwa upande wa kulia tu.

Nikaenda kliniki moja, jina nalihifadhi. Aliyenipokea akamulika tochi sekunde chache, akasema tatizo ni gego la mwisho, ling'olewe, elfu arobaini. Nikamuuliza, limetoboka? Hapana. Fizi imevimba? Hapana. Tupige picha kwanza? Haina haja. Sasa mwanafunzi wa sheria ukimwambia ushahidi hakuna ila hukumu ni kunyonga, unategemea nini? Nikaaga kwa adabu. Elfu arobaini kwenye bumu lililobaki si hela ya kuchezea, na jino la mtu mzima likitoka halioti jingine.

Nikampigia rafiki yangu wa tangu sekondari, anasomea udaktari wa meno Muhimbili. Tunamwita Dokta japo bado hajamaliza. Akanipeleka kwa wakubwa wake, nikapimwa vizuri, jino likaonekana zima kabisa. Baadaye akanichorea kwenye karatasi ya maandazi.

Anasema kiungo hiki si kama bawaba ya mlango. Ukianza kufungua mdomo, kichwa cha taya kinazunguka palepale. Ukiendelea, kinateleza kwenda mbele. Kati yake na fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachosafiri nacho kama mto. Kisahani kikiponyoka mbele kidogo, kichwa cha taya kinakidaka njiani, ndiyo hiyo "ka". Kikiponyoka kisirudi, kinaziba njia, mdomo unakwama. Lakini mara nyingi zaidi maumivu yanatoka kwenye misuli ya kutafunia, ile inayotuna mashavuni na kwenye panja ukiuma meno. Ikichoka, inapeleka maumivu sikioni, kichwani, hata kwenye magego mazima. Ndiyo maana watu wanapoteza meno yasiyo na kosa. Na kama taya linalia tu, haliumi wala halikwami, kwa kawaida halihitaji tiba yoyote.

Kulisingizia jino kuna historia. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa wenye maumivu ya sikio na taya, akasema chanzo ni kukosa magego na namna meno yanavyokutana. Maelezo yake yalikuja kukataliwa, lakini watu waliendelea kusawazishwa meno kwa miaka mingi. Kwenye miaka ya 1980 huko huko Marekani wengine walitolewa kisahani, wakawekewa cha bandia chenye Teflon. Vikasagikia humo ndani, mfupa ukaanza kuliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaondolewa sokoni. Niliposoma hayo nilipapasa gego langu kwa upendo.

Mwongozo uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2023 unatanguliza mambo ya kawaida kabisa: mazoezi ya taya yenye msimamizi, kukandwa misuli, tiba ya kisaikolojia, na mgonjwa kueleweshwa ugonjwa wake. Kutoa kisahani unakupinga vikali. Hata kile kiplastiki cha kuvaa usiku haukukipa nafasi ya mbele, ingawa madaktari wengi bado wanakitoa, na kwa anayesaga meno kinaweza kuyalinda yasilike.

Kusaga meno! Kwetu mtoto akisaga meno usingizini anapewa dawa ya minyoo. Mimi nimezinywa za kutosha kufungua duka. Dokta alicheka sana. Anasema kusaga kunahusishwa zaidi na msongo wa mawazo, usingizi mbovu, kahawa na sigara. Ukiondoa sigara, hiyo ni ratiba ya semista ya kila mtu hapa Mlimani.

Tiba yangu basi: kitambaa cha moto shavuni jioni, halafu ulimi unaubandika juu kwenye kaakaa, unafungua mdomo taratibu bila kuuachia. Mtori na wali ruksa. Mishkaki, miwa, mahindi ya kuchoma na jojo vimewekwa pembeni. Zoezi gumu kuliko yote ni la mchana: midomo ifungwe, meno yaachane. Hebu jiangalie sasa hivi, yamegusana? Nimebandika karatasi kwenye kompyuta imeandikwa MENO, na watu maktaba wananitazama kwa huruma.

Kitu tofauti na hiki ni kupiga mwayo, mdomo ukagoma kufunga. Hapo taya limeteguka, na usikubali jirani alivute. Daktari hulirudisha kwa mikono, akibonyeza chini kwenye magego kwa vidole gumba.

Mahakamani nilisimama, nikatetea kwa sauti ya mtu anayenong'ona siri, jaji akaniomba nirudie mara tatu. Tulishindwa kwa alama mbili. Hiyo ni wiki ya tano iliyopita. Leo asubuhi vimeingia vidole viwili na nusu, na Dokta anataka vitatu. Ana mtihani Alhamisi, kwa hiyo atanipima tena Ijumaa.