Mstari wa Mwisho wa Barua

Barua za bwana mdogo zilisomwa barazani baada ya chakula cha jioni, na mimi, binti mdogo wa jikoni, ndiye niliyesimama nikipepea nzi. Ndiyo maana nilizisikia. Shamba letu, au tuseme shamba lao, lilikuwa la pamba, wilaya ya Hinds, Mississippi, mashariki ya Vicksburg. Jimbo lilijitenga na Marekani Januari 1861. Mwaka huohuo bwana mdogo, mwana wa mwenye shamba, alijiunga na jeshi la Kusini, la majimbo yaliyojitenga, kupigana na Kaskazini, akamchukua kaka yangu kwenda kumpikia na kumfulia. Mama hakuulizwa.

Zaidi ya miaka arobaini imepita, na siku hizi familia za Kusini huzitoa barua kama hizo sandukuni, wakazinakili huku wakilia. Siwacheki. Kijana yule alimpenda mama yake kwa dhati. Mwanzoni aliandika juu ya gwaride na nyimbo. Baadaye ikawa surua, kuhara, chawa na viatu vilivyokwisha soli. Mshahara wake, dola 11 kwa mwezi, ulichelewa, na ulipofika haukununua kitu. Karatasi zilipoadimika aliujaza ukurasa, kisha akaugeuza ubavu na kuandika juu ya mistari ileile, hata mama yake, Bibi wa nyumba, akawa anaisogeza barua hadi karibu iungue kwa taa. Nasi huku bahasha tulizifumua, tukazigeuza nje ndani na kuzigundisha upya. Kahawa ilikuwa mbegu za bamia zilizokaangwa. Chumvi ilipokosekana tulifukua udongo wa sakafu ya kibanda cha kukaushia nyama, tukauchemsha, tukapata kidogo iliyodondoka humo miaka ya nyuma.

Mama yangu alingoja mstari mmoja tu. Ulikuja mwishoni kabisa, baada ya salamu za mashangazi na habari za farasi: mtwana ni mzima, anamsalimu mama yake. Basi. Zipo jioni Bibi alichoka, akaikunja barua kabla ya kufika hapo. Mama hakuwa na ruhusa ya kuuliza, wala hakujua kusoma. Sheria za Mississippi zilikataza watumwa kukusanyika wafundishwe. Jioni kama hizo alirudi jikoni akasugua sufuria ambayo ilikwisha kung'aa.

Palikuwa na mistari mingine pia. Katika barua moja bwana mdogo alimshauri baba yake kwamba, kama madeni yatabana, afadhali auze mtu kuliko kuuza ardhi. Akamtaja mama yangu mdogo kwa jina, kati ya bei ya pamba na maumivu ya jino lake. Mama mdogo aliuzwa kabla ya Krismasi. Hatukumwona tena.

Oktoba 1862, baada ya mapigano ya Corinth, ikaja barua ya hasira. Kaka yangu alikuwa ametorokea upande wa Kaskazini, ambao ulikuwa umeushika mji ule. Bibi alilia barazani kama aliyeibiwa, akimwita mtu asiye na fadhila. Mama aliinamisha uso. Usiku aliniamsha, akaninong'oneza: "Kaka yako amefika."

Jeshi la Jenerali Grant wa Kaskazini lilipita kwetu Mei 1863 likielekea Vicksburg. Wiki hiyohiyo mama alinishika mkono, tukalifuata. Kwa hiyo barua za baadaye sikuzisikia. Baada ya vita tuliambiwa bwana mdogo aliuawa Franklin, Tennessee, Novemba 1864. Kaka tulimkuta Memphis mwaka 1865, amevaa koti la buluu la askari wa Kaskazini, na mama alivishika vifungo vyake kimoja kimoja.

Sasa nasikia wajukuu wa nyumba ile wanataka kuzichapa barua hizo. Wazichape. Ninachowaomba ni wasiziondoe salamu za kaka yangu, wala ule ushauri wa kuuza mtu, hata kama unawaaibisha, na nakala moja watuletee sisi. Sensa ya 1860 ilituandika kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la aliyetumiliki. Katika maandishi yote ninayoyafahamu, jina la mama mdogo limo katika barua ile peke yake.