Mama Neema, Bado Unacheza Tu?

Mbio ni kitu kimoja, wepesi ni kingine. Kwenye timu yetu ya netiboli ya ofisini kuna dada anakimbia kama swala, lakini mpinzani akibadili njia ghafla, yeye ameshapitiliza kama daladala iliyokatika breki. Mimi mwenzenu mbio sina. Nacheza senta, na ukidaka mpira una sekunde 3 tu za kuuachia. Kinachoniokoa ni kuona mapema, kuamua, halafu miguu inafuata. Huo ndio wepesi: macho, akili na miguu kwa pamoja.

Sasa, goti langu la kushoto liliumia kwenye bonanza moja, nikapumzishwa miezi 3. Nilipotaka kurudi uwanjani, Baba Neema akagoma. "Una miaka 33, una watoto wawili. Waachie wasichana." Jamani, hakuwa mkorofi. Ndiye aliyenibeba hadi kwenye gari siku ile, na ndiye aliyewaogesha watoto kipindi chote. Aliogopa. Lakini na mimi, ukiniondolea netiboli, nabaki na ofisi na jiko tu.

Mtaalamu wa mazoezi ya tiba alinieleza jambo ambalo wengi hatulijui. Mara nyingi goti huumia wakati wa kusimama ghafla, kugeuka au kutua, hasa likiingia ndani, na sisi wanawake kano zake huchanika zaidi kuliko za wanaume. Kwa hiyo tulianza na breki. Unakimbia mita 5, unafupisha hatua, unashusha nyonga, unasimama goti likielekea kule vidole vinakoelekea. Pia kuchuchumaa na kusimama kwa mguu mmoja, wiki kadhaa.

Baadaye nikapanga chupa za maji nyuma ya nyumba, nazizunguka kwa zigizaga. Ni zoezi zuri, ila lina kasoro: chupa ya tatu unajua iko wapi. Mpinzani hakai kama chupa! Nilihitaji mtu.

Nikamwomba Baba Neema dakika 10 tu. Asimame mbele yangu, anyooshe mkono kulia au kushoto bila kunipa taarifa, mimi nifyatuke upande huo. Mara 6, kila moja sekunde chache, halafu napumzika karibu dakika nzima, maana miguu iliyochoka hujifunza uzembe. Mara mbili kwa wiki inatosha.

Siku ya tatu nikawa naondoka kabla hajanyoosha mkono. Akashangaa. Nikamwambia, "Bega lako linatangulia." Akacheka sana. "Kumbe unanisoma hivyo?" Miaka 8 ya ndoa, shosti, na hajawahi kujua! Ndivyo wachezaji wazuri wanavyofanya: hawasubiri mpira, wanasoma mabega na nyonga za mtu.

Ubishi haujaisha, nisikudanganye. Ila naye sasa ameona kwa macho yake jinsi goti linavyopiga breki, kwa hiyo tunabishana juu ya goti, siyo juu ya umri. Tumewekeana sharti: likivimba, nakaa nje mwenyewe bila kuambiwa. Lisipovimba, habari za "waachie wasichana" hazitajwi.

Jumamosi tuna mechi. Amesema anakuja na watoto, na barafu kwenye deli.