Krediti si kredo ya kusambaza

Nilikuwa nimepotea kidogo. Nilienda nyumbani Mbumbuni, kule Makueni, na stima ya huko ikanipa likizo ambayo sikuiomba. Kwa hivyo leo hakuna somo la kuandika programu. Leo nataka kuwaeleza jambo lililotokea mezani kwa mama.

Mdogo wangu anasoma diploma ya kompyuta katika chuo kimoja. Amemaliza miaka miwili na sasa anataka kuhamia chuo kikuu. Alama yake ya kidato cha nne ni C+, kwa hivyo mlango wa digrii uko wazi. Alinipa matokeo yake ya chuo, mazuri kweli, akaniambia, "Kaka, mimi nitaanzia mwaka wa pili, si ndiyo?"

Mama alikuwa akichambua ndengu. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu, "Hiyo miaka miwili tumeshailipia. Tutailipia tena?"

Nilinyamaza, kwa sababu mimi nimewahi kulipia masomo mara mbili. Au niseme ukweli: mama ndiye aliyelipa.

Krediti, kama hujui, ni kipimo cha uzito wa somo ulilofaulu: saa ulizofundishwa, kazi za maabara na kadhalika. Wengi wetu tunaifikiria kama kredo ya simu. Una hamsini, unasambaza ishirini, mwenzako anapokea ishirini. Lakini kusambaza kunawezekana kwa sababu nyote mko kwenye mtandao mmoja. Mwaka 2011 Kenya iliruhusu watu kuhama mtandao bila kubadilisha namba. Namba ilihama, kredo haikuhama. Kwa vyuo ni hivyo hivyo. Jina lako linahama, salio lako linaulizwa maswali.

Mimi nilimaliza diploma mwaka 2017, na mwaka uliofuata nikapata nafasi ya digrii ya sayansi ya kompyuta. Niliomba nisamehewe masomo tisa ya mwaka wa kwanza. Nilipeleka karatasi ya matokeo nikiwa na kifua mbele. Mkuu wa idara, mtu mpole sana, aliitazama akasema, "Hapa naona umefaulu. Lakini umefaulu nini?"

Alitaka mihtasari ya masomo: mada zilizofundishwa, saa, vitabu, jinsi mtihani ulivyotungwa. Sikuwa nayo. Nilirudi katika chuo nilichotoka. Mwalimu mmoja alikuwa ameshahama, mwingine alinituma ofisini, ofisi ikaniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu zilikuwa nyingi kuliko muda wa kuwasilisha fomu. Mwishowe nilisamehewe masomo manne. Hayo matano yaliyobaki yalinirudisha darasani mwaka mzima, nikijifunza upya jinsi ya kuifanya kompyuta ihesabu kutoka moja hadi kumi.

Nilikasirika sana wakati huo. Sikuelewa hadi nilipoanza kazi.

Siku moja nilipewa kazi ya kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka programu ya zamani kwenda mpya. Zote mbili zilikuwa na safu iliyoitwa "tarehe". Rahisi, nikasema, majina yanafanana, nakili tu. Kumbe programu moja iliandika siku kwanza na nyingine mwezi kwanza. 03/04 ya huku ni tarehe 3 Aprili, ya kule ni Machi 4. Hakuna kosa lililoonekana kwenye skrini. Kila kitu kilikubali, na karibu kila kitu kilikuwa uongo.

Hapo nikamkumbuka yule mkuu wa idara. "Utangulizi wa Programu" wa chuo kimoja na "Utangulizi wa Programu" wa chuo kingine ni safu mbili zenye jina moja. Anayepokea hawezi kujua kilichomo ndani mpaka aonyeshwe.

Sasa msidhani nchi imelala. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 ilitambua uhamisho wa krediti na kuuwekea kikomo cha asilimia 49. Maana yake ni kwamba chuo ambacho jina lake litakuwa kwenye shahada yako kikufundishe zaidi ya nusu. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyounda mamlaka ya sifa za masomo, KNQA, na mfumo wake una ngazi kumi: diploma iko ya 6, digrii ya kwanza iko ya 7. Hata Afrika Mashariki tuliwahi kuwa na chuo kikuu kimoja, kuanzia 1963 hadi 1970, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kilipovunjika kila mtu akashika njia yake, na mwaka 2017 marais wa Jumuiya wakatangaza eneo moja la elimu ya juu ili kuunganisha tena. Yote hayo ni mazuri. Lakini ngazi inasema umefika urefu gani. Haisemi ulipanda na nini.

Na kuna sehemu ambayo sipendi kuisimulia. Kati ya yale masomo matano, moja lilikuwa la hifadhidata. Nilikuwa na alama nzuri ya somo hilo katika diploma. Wiki ya tatu mwalimu akatuambia tugawanye jedwali moja ili taarifa isirudiwe mara mbili, na mimi, mwenye alama nzuri, sikujua pa kuanzia. Nilikuwa nimekariri. Kwa hiyo masomo manne kati ya hayo matano nililipishwa bure, naamini hivyo hadi leo. Hilo moja nilistahili kurudia, na ndilo linalonipa mshahara sasa.

Basi nilimwambia mdogo wangu hivi. Kwanza, chukua mihtasari sasa ukiwa bado mwanafunzi, ukiwa na mwalimu wa kumuuliza na mhuri wa kugonga. Pili, chora jedwali: somo nililosoma, mada, saa, na somo la kule linalofanana nalo. Usimwachie mkuu wa idara kazi ya kukisia. Tatu, omba jibu kwa maandishi kabla ya kulipa karo. Nne, kila somo jiulize usiku ukiwa peke yako kama kweli unalijua. Usilolijua usiliombee msamaha.

Amerudi chuoni, na jana alinitumia picha kwa simu. Amepata mihtasari kumi na mmoja kati ya kumi na minne. Mitatu bado anaambiwa arudi Jumatatu.

Nilimpigia mama kumjibu swali lake. Nikamwambia, si yote, mama, lakini kiasi tutalipia tena. Akauliza kiasi gani, ili ajue ndengu ya kuuza na ya kuweka. Nikamwambia asubiri hizo Jumatatu.

Haya, tuonane tena. Wiki ijayo tunarudi kwenye programu, stima ikitaka.