Studio ya Ami

Studio ya Ami ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla hujaiona ungeinusa. Dawa ya kuzuia picha isizidi kuiva ina asidi ya siki, na ukali wake ulichanganyika na kahawa ya barazani na udi ulioingia na nguo za wateja. Siku za Idi foleni ilifika hadi kwa fundi cherehani.

Ndani palikuwa na pazia lililochorwa bahari na minazi, stuli, na Yashica ya lenzi mbili. Kamera hiyo hushikwa kifuani na kutazamwa kwa juu, kwa hiyo Ami aliinama kama anayesoma, na mteja akakosa macho ya kuyaogopa. Filamu ilikuwa na picha 12 tu, tena ghali. Mimi niliyeshika taa nikiona kila kitu tayari, mkao, mwanga, kidevu, yeye akinong'ona, "Bado." Mara kitufe kikalia. Nikimuuliza kumebadilika nini, hujibu, "Hata sijui. Kidole kilitangulia." Simwamini mpaka leo. Alikuwa akisikiliza pumzi za watu.

Usiku tukisafisha picha. Joto letu huharakisha dawa, basi sinia tuliiweka juu ya beseni la barafu. Chini ya taa nyekundu karatasi hukaa nyeupe kitambo. Kisha weusi hutangulia: mboni, wanja, maua ya leso. Uso huja mwisho. Saa ilikuwepo ukutani, ila Ami hakuitazama. Alitikisa sinia kwa ncha ya kidole, akaopoa karatasi alipotaka.

Bibi mmoja wa mtaa wa Kuze alikaa wima, kidevu juu, akapigwa. Akadhani kumekwisha. Akashusha mabega, akamgeukia mjukuu aliyekuwa akimvuta leso, midomo ikaanza kucheka. Ami akapiga ya pili.

Bibi alipokuja kuchukua, aliisukuma hiyo ya pili pembeni. "Hapa nimelegea, mwanangu. Nipe yenye heshima."

Ami akaitia yenye heshima kwenye bahasha.

"Na hii utaifanyaje?"

"Nitaiweka mwenyewe, mama."

"Basi kama waitaka wewe, nipunguzie bei."

Akapunguziwa.